Wimbo wa Kantri Uliosahaulika Hauna wa Kukuitikia

Mtu akisimama kwenye sherehe hapa Mombasa na kuimba wimbo wa Jim Reeves, nusu ya kazi amefanyiwa. Wazee wanaujua mstari unaofuata kabla haujamtoka kinywani, na akikwama wanamvusha. Wimbo uliorekodiwa 1929 na mtu ambaye leo hata jina lake halitajwi hauna msaada huo. Hakuna wa kukuitikia, wala wa kukujazia neno ulilolimeza. Chochote anachohitaji msikilizaji lazima kiwe ndani ya rekodi yenyewe. Hilo ndilo linaloamua ufunguo (noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake), mwendo, ala, pa kuweka maikrofoni na hata urefu wa utangulizi. Wengi wanaorekodi upya nyimbo za zamani hukosea hapo, kwa kuwa kazi waliizoea kwa nyimbo maarufu.

Tuanze na kuutafuta. Mwaka 1927, mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alitega mitambo yake mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akarekodi nyimbo 76 za waimbaji na vikundi 19. Dunia ilishika majina mawili: Carter Family na Jimmie Rodgers. Hao wengine kumi na saba ndio mgodi. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina daftari la mtandaoni la rekodi za Marekani za enzi hizo. Utaona tarehe, mahali, nambari iliyochongwa kwenye sahani, na mara nyingi jina la mtunzi. Anza huko kabla ya kwenda kwenye tovuti ya Internet Archive kusikiliza, maana maelezo yanayobandikwa na wapakiaji hukosewa mara kwa mara.

Wimbo ukikuvutia, uimbe bila ala, kavukavu, ukiwa unafagia au unapika. Ukisimama wenyewe bila gita, ufuate. Zipo nyimbo zilizosahaulika kwa haki yake, na uzee peke yake si sifa. Soma pia beti zote, si zile mbili ulizozisikia. Baadhi ya nyimbo za miaka ya 1920 zilitoka kwenye maigizo ya wazungu waliojipaka masizi usoni kuwadhihaki watu weusi, na tusi hilo mara nyingi limejificha ndani ya lahaja ambayo masikio yetu huku hayalikamati mara moja. Ubeti wa namna hiyo ukikutana nao, mimi naona afadhali kuacha wimbo mzima na kuchukua mwingine. Nyimbo hazijaisha.

Sasa kasi ya santuri. Sahani hizo huandikwa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, lakini studio za zamani hazikushika kasi moja. Chukua sahani iliyokatwa kwa mizunguko 76, kisha aliyeinakili akaicheza kwa 78.26. Sauti yote inapanda karibu senti 50 (nusu toni moja ni senti 100). Hiyo ni robo toni, ile ambayo mpiga udi huitafuta kwa makusudi anapoingia maqamu (ngazi ya noti za Kiarabu) ya rasti. Kwa mpiga gita ni mateso: wimbo unakaa katikati ya G na G kali (nusu toni juu ya G), hakuna mshiko unaolingana nao, na kijana anayejifunza kwa kufuata rekodi huanza kukaza nyuzi ili aifikie. Mwendo nao umepanda asilimia 3, kwa hiyo wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unausikia kama 103. Dawa yake ni kuteremsha kasi ya faili katika programu kama Audacity, sauti na mwendo vishuke pamoja, mpaka noti zikae sawa na gita lililofungwa vizuri, yaani nyuzi zake zimekazwa kwa noti zake. Usiteremshe sauti peke yake ukauacha mwendo, maana hapo utakuwa umeutibu ugonjwa mmoja na kuuacha wa pili. Kama kuna fidla kwenye rekodi, sikiliza pale mpigaji anapoachia nyuzi bila kidole. Mlio wa nyuzi tupu hutambulikana kwa ukali wake, na ndio dalili nzuri ya ufunguo halisi.

Maneno yanataka subira zaidi. Uso mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika tatu na kidogo, basi waimbaji walikata beti ili watoshe. Wimbo uliochapishwa karatasini una beti ambazo santuri haina, na mara nyingine kisa kizima hueleweka tu ukirudisha ubeti uliokatwa. Pia maneno huharibika yakipita midomoni. Wildwood Flower, ambao Carter Family waliurekodi 1928, ulichapishwa kwanza 1860 kwa jina jingine, na mstari mmoja uliotaja ua ulifika kwenye santuri umekuwa maneno yasiyo na maana. Kwa wimbo unaojulikana kosa kama hilo halidhuru, watu wameshalipenda. Kwa wimbo usiojulikana msikilizaji atasimama hapo hapo kujiuliza umesema nini, na mistari mitatu inayofuata itampita. Punguza kasi hadi asilimia 80, sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, andika unachosikia, kisha linganisha na chapa ya karatasi ukiipata. Tovuti za maneno ya nyimbo hunakiliana makosa.

Kuhusu lugha kuna njia mbili, na zote ni halali. Ukiimba kwa Kiingereza, imba kwa Kiingereza chako cha Pwani, konsonanti zisikike. Kuiga matamshi ya Texas kunakula maneno, na maneno ndiyo mtaji wako wote.

Ukiimba kwa Kiswahili, kazi ngumu ni mkazo zaidi ya tafsiri. Nyimbo nyingi za kale za kantri hufuata mizani ya 8 na 6, kwa kupokezana, na malenga yeyote wa hapa atafurahi akisikia 8 kwa sababu ni mizani ya utenzi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mstari wa Kiingereza wa silabi 8 kwa kawaida huanza kabla ya pigo: silabi ya 1 ni nyepesi, pigo linaangukia ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari wa mizani 8 una mkazo wake mkuu kwenye ya 7. Chukua mstari huu: nyumba yetu ya zamani. Ukiupachika juu ya melodia ya Kiingereza jinsi ilivyo, pigo litaangukia mba, tu, za, na ni. Utasikika ukiimba nyumBA yeTU ya ZAmaNI, na hakuna Mswahili atakayekusikiliza hadi ubeti wa pili. Ondoa ile noti ya kuingilia, anza juu ya pigo lenyewe. Sasa pigo linaangukia nyu, ye, ya, na ma. Silabi ya 8 inabaki bila pigo, basi iongezee mkia: shikilia ma kwa urefu ule uliokuwa wa noti ya mwisho, kisha iangushe ni kwa ufupi kwenye noti ile ile au moja chini yake. Mstari wa silabi 6 hufanywa vivyo hivyo, mapigo yakikaa kwenye ya 1, ya 3 na ya 5. Fanya hivyo kwa kila mstari kabla hujaanza kutafuta vina.

Vina navyo, mstari wa 2 na wa 4 vinatosha. Aliyelelewa na vina vya kati na vya mwisho atataka kufunga kila mahali, na akifanya hivyo wimbo unahama kutoka kantri unaingia kwenye mashairi. Ni kitu kizuri, ila si kile ulichokusudia kufufua. Majina ya mahali yaache yalivyo. Treni nambari 97 ilianguka darajani karibu na Danville, Virginia, tarehe 27 Septemba 1903, na wimbo unaoisimulia ni habari ya watu waliokufa kweli. Kuipeleka ajali hiyo Voi ili ionekane ya kwetu ni kuwavunjia heshima.

Ufunguo wa asili si amri. Andika noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya wimbo, kisha izingatie zaidi ile ya chini kuliko ya juu. Waimbaji wengi huogopa kupanda, lakini maneno hupotea chini, pale sauti inapokosa mwili na kugeuka mnong'ono. Panda nusu toni moja moja mpaka neno la chini kabisa lisikike wazi bila kulisukuma. Halafu tafuta mahali pa kapo (kibanio cha shingo ya gita kinachopandisha nyuzi zote) patakapokuachia mishiko ya C au G, kwa sababu mishiko hiyo ina besi tupu za kutembea kati ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) moja na nyingine. Mshiko wa C na kapo kwenye frati ya 2 unakupa D. Mshiko wa G na kapo frati ya 2 unakupa A, frati ya 3 unakupa B bapa (nusu toni chini ya B). Mwendo usiupunguze kupita mapigo 5 kwa dakika. Kuna dhana kwamba cha zamani ni cha polepole, na rekodi nyingi mpya za nyimbo za kale zinakufa kwa hiyo dhana. Sikiliza santuri za 1928, wale watu walikuwa wanakimbia.

Kwa ala, gita moja na sauti moja vinatosha kuanza. Mtindo wa Maybelle Carter, mpiga gita wa Carter Family, ndio unaofaa zaidi kwa wimbo usiojulikana: kidole gumba kinaimba melodia kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinapepeta nyuzi nyembamba katikati ya mapigo. Msikilizaji anafundishwa melodia na gita kabla hata hujafungua mdomo. Utangulizi uwe vipande vinne na si zaidi. Kwa mapigo 100 kwa dakika, vipande vinne vya mapigo manne ni sekunde 9.6, na mtu asiyeujua wimbo hasubiri zaidi ya hapo. Ngoma usitie kwa wimbo wa miaka ya 1920 au 1930. Besi ya umeme inafaa ukiweka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja la nyuzi ili noti isining'inie, ukapiga noti ya kwanza na ya tano ya kodi kwa kupokezana, basi.

Gita la stili, lile linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, ni adimu Pwani, lakini gita la kawaida linaweza kulazwa mapajani. Nunua au chongesha kinyanyulio cha chuma cha kuinua nyuzi milimita 8 hadi 10 juu ya shingo. Kwa kufunga, chagua D ya wazi: D, A, D, F kali, A, D, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Nyuzi nne zinashuka, mbili zinabaki zilivyo, hakuna unaopanda. Wengine hukimbilia ule ufungaji wa dobro (aina ya gita la kulazwa) wa G, B, D, G, B, D, ambao unaupandisha uzi wa sita nusu toni tatu na wa tano mbili. Gita lisilojengwa kwa mvuto huo, tena katika joto letu linalolegeza gundi, linaweza kung'oka daraja. Kipande cha chuma unachotelezesha kiwekwe juu kabisa ya mstari wa frati, si nyuma yake kama kidole. Wapigaji wapya hukosea hapo wote, na ndiyo maana stili yao husikika imeshuka kidogo kila noti.

Fidla tunazo, na wapigaji wazuri wamejaa kwenye taarab. Kabla ya yote muulize mpigaji ameifungaje. Mtindo wa Kiarabu hufunga G, D, G, D, na kantri inataka G, D, A, E ili apige nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole vilivyozoeleka. Kisha mwombe kitu kimoja tu: asipambe wakati wa kuimba. Mapambo ya taarab ni matamu na yamejengwa ili kujibizana na mwimbaji ambaye hadhira inamjua, lakini hapa kila pambo linafunika neno. Ampe nafasi mwisho wa mstari. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye ya taarab, nayo inafaa kuliko watu wanavyodhani, kwani vibonye vyake vinatoa nusu toni sawasawa na gita, na inashika nafasi ya mandolini bila shida. Ila mlio wake mkali unakaa karibu na kilohezi 3, mahali hasa ambapo konsonanti zinaishi. Iweke kati ya beti, kamwe isiwe chini ya sauti.

Chumba. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na ukifunga madirisha barabara inanyamaza vizuri. Ndani lakini plasta tupu inarudisha mwangwi. Leso zilizotundikwa ukutani hazisaidii, ni nyepesi mno. Weka godoro la sponji la inchi 6, lisimamishwe nyuma ya mwimbaji. Ndiyo, nyuma yake, si nyuma ya maikrofoni, kwa sababu maikrofoni ya kawaida inasikia mbele, na kilicho mbele yake ni mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Busati sakafuni, godoro la pili pembeni, imetosha. Rekodi baada ya Isha, tuktuk zikipungua, na maliza kabla ya alfajiri, maana kunguru huwahi jua. Chini ya mabati wakati wa masika usijaribu.

Feni na kiyoyozi vizimwe wakati wa kurekodi. Poza chumba kwanza, zima, rekodi, washa tena: wimbo wa dakika tatu unaruhusu hivyo. Lakini gita linahama kila joto linapobadilika, kwa hiyo fungua kila jaribio kwa kukagua nyuzi zote sita. Unyevu wa kaskazi na chumvi ya bahari hula nyuzi kwa siku chache, futa kila baada ya kupiga na weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya kasha. Nyuzi mpya zitiwe siku moja kabla, zivutwe kwa mkono mpaka zitulie. Ukisikia mvumo mzito usiokwisha, huo ni umeme, uko kwenye hezi 50 na 100. Chomoa chaja, tumia betri ya kompyuta, na mara nyingi unatoweka.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele cha sauti kikiwa karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Maikrofoni ya gita ielekee frati ya 12, sentimita 25 hadi 30. Ukiielekeza kwenye tundu utapata ngurumo. Ya sauti iwe sentimita 15 hadi 20. Mwaka 1957 Jim Reeves aliimba Four Walls midomo ikiwa karibu sana na maikrofoni, Chet Atkins akiwa prodyusa, na tangu hapo kila mwenye sauti nene anataka kuimba hivyo. Fahamu bei yake: chini ya sentimita 10 besi inavimba na konsonanti zinazama ndani yake. Ukitaka ukaribu huo, kata desibeli 3 au 4 kuanzia hezi 200 kushuka. Ukiimba huku unapiga, umbali kati ya maikrofoni mbili uwe mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake, la sivyo sauti itatoka kama imo ndani ya pipa. Sauti ya pili iingie kwenye kiitikio tu. Ubeti una kisa, uachiwe mtu mmoja.

Ukimaliza kuchanganya, usimsikilizishe mwanamuziki. Mpe mtu asiyeujua wimbo, kwa spika ya simu, mara moja tu, kisha mwambie akusimulie kisa. Akikwama mahali, rudi mahali hapo: ama gita limezidi kwenye hezi 200 hadi 400, ama neno umelimeza na lazima uliimbe upya. Usilitibu kwa kupandisha sauti yote. Sauti ya mwisho ikikaa karibu na LUFS 14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sifuri inatosha, Spotify itaishusha ukizidisha.

Haki za watunzi zishughulikiwe kabla ya kupakia. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Marekani, nyimbo za zamani zilizochapishwa hulindwa miaka 95: zile za 1929 ziliachiliwa Januari 1, 2025. Hesabu hizi mbili hazilingani. Hank Williams, mwimbaji na mtunzi wa kantri, alikufa Januari 1, 1953, kwa hiyo utunzi aliouandika peke yake ulikuwa huru Kenya mwisho wa 2003, lakini wimbo wake uliochapishwa 1949 unalindwa Marekani hadi mwisho wa 2044. Ukiupakia mtandaoni unasikika kote kuwili, basi unahitaji leseni ya kurekodi, na baadhi ya wasambazaji wa muziki mtandaoni hukutafutia kwa ada. Leseni hiyo ni ya kuuimba jinsi ulivyo. Tafsiri ya Kiswahili inataka idhini ya mwenye wimbo mwenyewe, ndiyo maana kwa tafsiri ni salama kubaki na zilizoachiliwa. Usiandike "wimbo wa jadi" kwa sababu tu hukumpata mtunzi. A. P. Carter, wa Carter Family, alisajili nyimbo nyingi alizozikusanya vijijini, na jina lake liko kwenye karatasi.

Kwenye maelezo ya rekodi andika mtunzi, aliyeurekodi mwanzo, mwaka, mji, na nambari ya sahani. Chini yake weka maneno yote, na kila ubeti uliorudisha useme umeutoa kwenye chapa ipi. Malizia na ufunguo, mahali pa kapo na mwendo baada ya kusahihisha kasi, ili mpiga gita wa Kisauni au Likoni aweze kuupiga jioni hiyo hiyo.